Uzoefu wangu na nasari ya kijiji, kwa sisi kina mama tunaolima mwani baharini

Nimemuweka mwanangu nasari ya jamii huku kusini Unguja, upande wa Paje na Jambiani, Januari inshallah anaingia la kwanza, na kwa vile wengi mnauliza kama hizi nasari za kijiji zina maana au bora mtu ajibane apeleke mtoto za kulipia kubwa kubwa, nasema nilichokiona mie.

Nasari yenyewe si ya mtu wala si ya serikali, ni ya kijiji. Chumba ni kile kile cha madrasa, asubuhi nasari, alasiri chuo cha Kurani. Kamati ni sisi sisi wazee wa watoto, walimu ni wasichana wa hapa hapa ambao kwao tunakujua. Mwalimu wetu mkubwa kasomeshwa kwenye ule mpango wa Madrasa wa Aga Khan, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said ndo alikua mkufunzi wa mwanzo, halafu ukaja Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Wao hawakuja kujenga skuli na kuondoka, walichukua wanawake wa mitaani wakawafundisha namna ya kukaa na watoto wadogo na kijiji kikabaki na nasari yake. Na alosomeshwa na asosomeshwa utawajua tu, kaa mlangoni robo saa uwaangalie.

Ndani hakuna vitu vya dukani. Kuna vifuu, makumbi, kome na simbi za pwani, vizibo vya soda, vipande vya kanga, mabox ya dawa ya meno. Chumba kimegawiwa kona, ya nyumbani, ya kujenga, ya vitabu, ya duka. Asubuhi baada ya dua na nyimbo kila mtoto anasema leo anataka kufanya nini na kona gani, anaenda anafanya, halafu wanakaa duara kila mmoja anaeleza alichofanya na wenzake wanamuuliza. Wangu alikua haongei mbele ya watu, mgeni akiingia anajificha kwenye kanga yangu. Sahivi akirudi ananikalisha chini ananiuliza mama leo ulipanga nini na umefanya kweli? Yani nalazimika nijibu.

Kuna wazee hawaridhiki, mkwe wangu mmoja wapo, anasema mtoto kila siku anacheza tu daftari halina kitu, jirani mtoto wake ameshaandika mpaka herufi ya mwisho. Mie namwambia mama mtoto wa miaka mine vidole bado laini, lakini muulize vifuu saba ukitoa viwili vinabaki vingapi. Akamuuliza, mtoto akajibu bila kutazama vidole. Kuandika kumekuja mwaka wa pili, hajalia hata siku moja. Kwenye hili sina shaka kabisa, ukiona nasari inamchapa mtoto wa miaka mine kwasababu hajui kushika kalamu muondoe.

Sasa nije kwenye masaa, maana hapa ndo penye shida kubwa. Watoto wanaingia saa mbili wanatoka saa tano na nusu. Kwa anaefanya kazi mjini hiyo ni shida ya kila siku, kwetu sisi ni shida ya bamvua, zile siku maji yanapwa na kujaa sana. Mwani umeanza kulimwa huku 1989 na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake, na mwani hauangalii saa unaangalia maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanapwa sana, na kwa huku kwetu yanapwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, kwahiyo mama anashuka maji yakiwa bado yanatoka na anapanda saa saba, mtoto anatoka skuli mama yuko kule mbali kwenye vijiti na kamba. Zamani wale wadogo walikua wanatufata pwani peke yao, na maji yakianza kujaa yanakuja kwa kasi, kila anaeishi huku anajua hofu yake.

Basi tulipokaa mkutano wa wazee tukapanga zamu. Bamvua likifika mmoja wetu hashuki, anabaki na watoto pale pale nasari mpaka wenzake wapande, anawapa chakula walichokuja nacho, wanalala mkekani. Na hapotezi kitu, kwasababu wenzake kule pwani wanamfungia mwani kwenye kamba zake, huyu mbili huyu tatu, mpaka shamba lake linakua sawa na ya wengine. Mwalimu katuachia ufunguo. Hili hakuna mradi ulotuletea wala fungu la hela, na kwangu mie ndo kitu bora kuliko vyote vilivyomo kwenye nasari ile, mana nikiwa baharini roho imetulia. Kina baba nawashukuru kwa paa na uzio, ila wanaovua usiku asubuhi wako kijijini, wamechoka najua, lakini hata mmoja akiingia kwenye zamu tutapumua.

Yasoniridhisha sasa. Uji unategemea unga na sukari tunayochanga, mwani ukishuka bei mchango nao unashuka, kuna wiki watoto hawanywi uji kabisa na mtoto mwenye njaa hata hizo kona hazitaki. Ada ni ndogo, haifiki bei ya kilo mbili za mchele kwa mwezi, lakini posho ya walimu inatoka humo humo, ukichelewesha ada wewe mwalimu ndo anakosa. Mwalimu mzuri akishaiva anapata ajira kwengine anaondoka, nasi tunaanza upya na msichana mwengine, siwezi kumlaumu hata kidogo, nae ana watoto. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 imeiweka elimu ya maandalizi, ndo hizi nasari, ndani ya elimu ya lazima, basi na hawa walimu wa vijijini wangetazamwa.

Mtoto wa dada yangu yeye alisoma kituo cha Tucheze Tujifunze, vile vya masomo ya redio, mlezi anafungulia redio na watoto wanaimba na kujibu. Nao walifanya vizuri, nyimbo mpaka leo anazijua. Kama kijijini kwenu hakuna nasari ila kipo kituo kama hicho usisite.

Kilobaki ni wadogo. Nasari haipokei chini ya miaka mitatu, na wangu wa mwisho ana mwaka mmoja na kitu, namuacha kwa bibi yake ambae nae miguu inamsumbua. Wapo wengi kama mie. Kamati inakaa bamvua hili likimalizika, nitaomba kile chumba cha nyuma chenye magunia kisafishwe tukifanye cha watoto wachanga kwa zamu ile ile, mwenye mtoto mdogo aje mkutanoni tuwe wengi.