TAHADHARI: Gari linaitwa la 4WD, nyuma halivuti

Jamani, mnaotafuta gari lililotumika la kuvuta tairi zote nne, kuweni macho. Kuna mchezo unachezwa.

Juzi mteja kaniletea gari alilonunua. Limemnasia kwenye tope, tairi za mbele zinazunguka bure, za nyuma zimetulia tuli. Nikafungua boneti, nikaangalia kwenye boksi la fyuzi: tundu lililoandikwa FWD (yaani kuvuta kwa tairi za mbele tu) limechomekwa fyuzi. Subaru nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 zina tundu hilo, na kwa kawaida huachwa tupu. Ukichomeka fyuzi, giaboksi haipeleki tena nguvu nyuma. Taa ya FWD ilipaswa kuwaka kwenye dashibodi, ila balbu yake ilishang'olewa. Hapo sasa usiniambie muuzaji alikuwa hajui.

Nikaitoa ile fyuzi, nikakata usukani hadi mwisho kwenye sakafu kavu, nikaliendesha polepole. Likaanza kujivuta na kurukaruka kama limeshikwa breki. Klachi za ndani zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma zimeng'ang'ana. Ndicho alichokuwa anaficha. Muuzaji kapigiwa simu, anajibu: "Si ulilijaribu mwenyewe ukaridhika?" Kweli mteja alijaribishwa gari, tena kwenye barabara iliyonyooka tu!

Wengine hawahangaiki na fyuzi, wanafungua propela shafti na kuitupa. Hao ni rahisi kuwakamata: inama uchungulie chini, lile bomba refu linalokwenda kwenye difu ya nyuma (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi) lazima ulione.

Tairi nazo zinasema mengi. Mbili mpya na mbili vipara kwenye gari la AWD (linalovuta tairi zote nne muda wote) ni dalili mbaya, maana zinazunguka kwa kasi tofauti na difu ya kati inachemka muda wote. Fundi wako afungue pia nati ya kumwagia oili ya difu. Kwenye sumaku yake, ute wa kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, ondoka. Na ufike gari likiwa la baridi. Ukikuta injini ishapata moto, uliza kwa nini.

Huyo muuzaji bado yuko sokoni. Ameshaweka tangazo la gari jingine la aina hiyohiyo, "halina tatizo lolote". Picha zipo za ubavuni, za viti, hadi za redio. Ya chini hakuna hata moja.