Tathmini ya Fleti Malindi: Ni Futi Zipi Unazozilipia?

Kwa mtu anayenunua nyumba Malindi, hasa fleti za upande wa Casuarina, ada ya mthamini aliyesajiliwa ni gharama ambayo sioni sababu ya kuikwepa. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa fleti ya vyumba viwili vya kulala, niliitumia ofisi moja ya wathamini ya mjini hapa, nami naieleza kazi yao kwa kirefu kwa sababu wanunuzi wengi wa Pwani huliacha swali la bei ya haki kwa futi ya mraba lijibiwe na dalali, ambaye hula kwa mauzo hayohayo.

Dalali aliniambia kwamba fleti ina futi za mraba 1,150 na inauzwa shilingi milioni 9.2, yaani shilingi 8,000 kwa futi, bei ambayo kwa maneno yake haipatikani tena karibu na bahari. Mthamini hakubishana naye. Alikuja na kipimo cha leza na tepu ya kawaida, akapima kila chumba kwa ndani kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akaipima veranda peke yake. Ndani mlikuwa na futi 910. Veranda ilikuwa na futi 130, na zile 110 zilizobaki zilikuwa unene wa kuta pamoja na fungu la ngazi na ujia unaopitwa na wakazi wote. Akiwa amesimama pale ngazini aliniambia, "Baba, hapa hulali wala huweki kabati, lakini umepigiwa hesabu ya chumba." Bei ileile ukiigawanya kwa futi za ndani pekee, inazidi shilingi 10,100 kwa futi.

Sisemi kwamba veranda haina thamani, kwani katika joto la mji huu veranda inayopata upepo wa kusi hukaliwa kuliko sebule. Mthamini aliihesabu kila futi yake kuwa nusu ya futi ya ndani, akafikia futi 975, na hapo ndipo alipofanya jambo lililonishawishi zaidi: alichukua fleti tatu za jirani zilizokwisha kuuzwa, si zilizotangazwa tu, akazihesabu kwa mtindo huohuo mmoja. Bei za fleti hizo zilikuwa kati ya shilingi 8,300 na 8,900 kwa futi, ilhali yangu kwa kipimo hicho ilikuwa inadaiwa zaidi ya 9,400. Bila ya kulinganisha vilivyopimwa sawa, bei ya futi haimwambii mnunuzi lolote.

Baadaye alishughulikia yale ambayo tepu haiyaoni. Zege la dari ya bafu lilikuwa limeanza kumeguka, na nondo iliyokuwa imejitokeza ilikuwa na kutu, ugonjwa wa kawaida wa majengo yanayopigwa na hewa ya chumvi. Maji ya kisima nayo yalikuwa ya chumvi, na mabomba yalikwisha kuliwa. Aliuliza pia lisi, yaani haki ya kukodi ardhi kwa muda maalumu, imebakiza miaka mingapi, swali lisilopaswa kurukwa, kwani Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa lisi isiyozidi miaka 99, na fleti nyingi za ufukweni zimejengwa juu ya hati za namna hiyo. Thamani aliyoandika ni milioni 8.1, na muuzaji, baada ya kuonyeshwa vipimo, alishuka hadi 8.3. Anayepanga bajeti akumbuke pia ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Nilimuuliza pia kuhusu nyumba ya ukoo wetu iliyoko Mji wa Kale wa Lamu, naye alikataa kuitajia bei ya futi kwa simu. Nilimheshimu kwa hilo. Kuta nene za mawe ya matumbawe hula nafasi kubwa, vyumba huwa vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wake, na nyumba yenye zidaka (vishubaka vya ukutani) na plasta ya kale iliyo nzima haiwezi kuwekwa fungu moja na gofu lenye futi zilezile. Isitoshe, mji umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na ukarabati wake una masharti ambayo mnunuzi atayalipia.

Dosari za ofisi hiyo zipo. Ripoti ilichelewa kupita siku tuliyopatana, na iliandikwa kwa Kiingereza kizito kiasi kwamba mke wangu, ambaye ni mnunuzi mwenzangu, ilibidi asomewe na mtu mwingine. Ada ya huduma ya kila mwezi, inayolipia walinzi, bwawa na jenereta, ilitajwa kwa mstari mmoja tu, ingawa kwa jinsi ninavyoona jengo lenye ada kubwa linastahili kushushwa bei ya futi waziwazi.

Hata hivyo ningewatumia tena. Anayenunua kwa mkopo aulize kwanza benki yake kama itaikubali ripoti ya ofisi aliyoichagua, kwa sababu benki huwa na orodha zao za wathamini, na ripoti ikikataliwa atalipa ada mara ya pili.