Msimu mzima na seti ya kuanzia: kuvua kwa chambo cha manyoya kwenye maji mafupi ya Tampa Bay

Kwa wenye haraka: fimbo ni nzuri, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) inatosha, mshipi uliokuja nayo ni wa kutupa. Nililipa karibu dola 230 kwa seti nzima na sioni kama nilipunjwa, ila hesabu ya kweli inakaribia dola 320, maana mshipi mwingine utaununua tu, upende usipende.

Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mshipi wa mkono: ngisi kwa chambo, chubwi ya kuzamishia, mtumbwi, basi. Siku hizi naishi St. Petersburg, Florida. Kusini ya mji kuna Fort De Soto, visiwa vitano vilivyounganishwa, vimezungukwa na nyasi za bahari na mikoko, na maji yake mengi ni ya magotini. Unaegesha gari, unaingia majini kwa miguu, samaki wako hapo. Mashua huihitaji.

Anayezoea chubwi lazima kwanza aelewe kitu kimoja, la sivyo ataona seti hii ni ya kichekesho. Chambo hiki ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hakina uzito wa kukifikisha mbali. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na wa rangi, nao ndio unaobeba chambo. Fimbo na mshipi hupewa namba zinazolingana. Yangu ni namba 8, maana yake futi 30 za mwanzo za mshipi zina uzito wa gramu 13.6 hivi, na fimbo imetengenezwa ijipinde vizuri kwa uzito huo. Namba 6 upepo wa bahari unaichezea. Namba 10 inachosha bega bila sababu kwa samaki wa kilo mbili tatu.

Fimbo ina urefu wa futi 9, vipande vinne, ndani ya mfuko mgumu. Wajuzi watakwambia ni laini mno. Waache. Kwa anayeanza, ulaini huo ni faida, kwa sababu unauhisi mshipi ukiivuta fimbo nyuma na unajua ni wakati gani wa kuleta mkono mbele. Mimi nilijifunzia kwenye nyasi za uwanjani, kipande cha uzi wa sufu kikiwa mahali pa ndoana. Unapeleka nyuma, unasimamisha mkono, unangoja mshipi unyooke mgongoni kwako, ndipo unarusha mbele. Huko kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Na usisumbuke na watu wa kurusha mita 30. Samaki wengi niliowapata walikuwa ndani ya mita 15.

Rili ina breki ya kuridhisha. Parafujo ya mkono wake imeanza kushika kutu ingawa naiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila nikirudi, kwa hiyo nadhani chuma chenyewe si cha bahari kama boksi linavyodai.

Sasa huo mshipi. Umetengenezwa kwa mito ya baridi. Maji ya Tampa Bay wakati wa kiangazi hufika nyuzi 30 za Selsiasi, na kwa joto hilo ulilegea, ukanata vidoleni, ukagoma kupita kwenye pete za fimbo. Nilipoweka mshipi wa maji ya joto, wenye kiini kigumu zaidi, fimbo ileile ikawa kama nimebadilishiwa. Chambo vilivyokuja kwenye kiboksi navyo ni vya samaki wa mtoni, vidogo mno.

Nunua kile kiitwacho Clouser Minnow. Bob Clouser alikibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki wa mto Susquehanna, Pennsylvania, lakini kinafanana na dagaa anayekimbia na baharini kinapendwa vilevile. Kina macho mazito ya chuma yanayokigeuza, ndoana ikatazama juu, kwa hiyo hakizoi nyasi kila ukivuta.

Wasichokitaja kwenye maelezo ya seti ni kwamba sisi wa mshipi wa mkono tuna bahati. Redifishi, samaki ninayemfuata hapa, akiuma, huinui fimbo. Unaielekeza kwake, na mkono wa kushoto unauvuta mshipi kwa nguvu hadi ndoana izame. Wenzangu waliotokea kwenye trauti wa mitoni wanainua fimbo kwa mazoea, na samaki anaenda zake. Mkono wangu ulishalijua hilo tangu utotoni.

Maji ndiyo yaliyonipa taabu zaidi. Tanga bamvua hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita 3, na kila siku unajua inajaa mara mbili. Hapa tofauti haifiki mita moja, na kuna siku inajaa mara moja tu na kupwa mara moja. Majira ya baridi, upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu, unasukuma maji nje ya ghuba na mafungu yanabaki wazi, jedwali la kujaa na kupwa liseme litakavyo. Tazama upepo kwanza.

Asubuhi tulivu, maji yakianza kujaa, utaona mkia wenye doa jeusi umechomoza juu ya maji: redifishi kainamisha kichwa anachimbua kaa. Weka chambo mbele yake kidogo, siyo kichwani. Miwani inayokata mng'ao wa maji ni ya lazima, na miguu iburuzwe mchangani ili taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, wakusikie na kuondoka.

Leseni kwa mkazi wa Florida ni dola 17 kwa mwaka, na ya kuvulia ufukweni tu ni bure. Mgeni hulipa dola 17 kwa siku tatu. Redifishi wa kuchukua lazima awe kati ya inchi 18 na 27, wengine wanarudi. Nilipomwambia kaka yangu wa Tanga kwamba wengi nawaachia, alikaa kimya, kisha akauliza kama huku nakula vizuri.

Nyota nne kwa fimbo, tatu kwa rili, moja kwa mshipi. Kwa tarpon wakubwa, samaki wenye nguvu wa pwani hii, seti hii haifai kabisa. Kampuni hiyohiyo huuza fimbo peke yake kwa bei ndogo zaidi, bila mshipi wala kile kiboksi, na mwanangu akikua kidogo ndiyo nitakayomnunulia.