Hita mpya kwenye nyumba ya zamani: nunua ile ambayo anodi yake inafikika

Malalamiko ni yale yale kila mara. Hita ya zamani ilidumu miaka mingi bila kuguswa, ikachakaa, ikatolewa. Ikawekwa mpya inayong'aa, na kabla mwaka wa tatu haujaisha maji yakaanza kutona chini ya tangi. Fundi akiitwa anasema tangi limetoboka, halizibiki. Muuzaji akiulizwa kuhusu dhamana, naye anauliza swali moja tu: anodi ilibadilishwa lini? Mwenye nyumba hajawahi kulisikia neno hilo.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na lita, rangi wala ulaji wa umeme. Hayo yameandikwa kwenye boksi na kila mtu anayasoma. Unaanza na hiyo anodi, fimbo moja iliyojificha ndani ya tangi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua kama hita itakaa miaka miwili au kumi na miwili.

Matangi mengi ya leo ni ya chuma kilichopakwa enameli kwa ndani, yaani kioo kilichochomwa juu ya chuma, kama kwenye masinia ya zamani. Enameli haikamiliki kamwe. Kwenye maungio na pembezoni mwa matundu hubaki vijishimo visivyoonekana kwa macho, na maji ya moto yakigusa chuma hapo, kutu inaanza. Anodi ni fimbo ya magnesiamu inayokaa ndani ya maji hayo. Magnesiamu huliwa upesi kuliko chuma, kwa hiyo inaliwa yenyewe na chuma kinasalimika. Ikiisha, zamu inakuwa ya tangi. Kama hita yako ya zamani ilikuwa ya shaba, huenda haikuwa na anodi kabisa, na ndiyo sababu hukuwahi kuifikiria.

Ikiwa mpya, anodi ni laini, ya kijivu, unene wake karibu na kidole gumba. Baada ya mwaka mmoja kwenye maji ya kisima yenye chumvi inaweza kutoka imejaa mashimo kama mti uliotafunwa na mchwa, na sehemu nyingine waya wa chuma wa katikati uko wazi. Ukiuona waya huo, au unene ukiwa umebaki theluthi moja ya ule wa mwanzo, badilisha siku hiyo hiyo na uweke gasketi mpya, yaani mpira wa kuziba maungio. Usirudishe gasketi ya zamani hata kama inaonekana nzima: imeshabonyea kwa umbo la mwanzo na itavuja. Kadiri maji yanavyokuwa na chumvi na kadiri thermostati, yaani kidhibiti joto, inavyowekwa juu, ndivyo fimbo inavyokwisha upesi. Mashine za kulainisha maji kwa chumvi nazo huiharakisha.

Dukani, basi, uliza mambo matatu. Anodi iko wapi? Inatolewaje? Na je, ipo ya akiba ya kuuzwa peke yake? Kwenye hita ndogo za ukutani kwa kawaida imefungwa kwenye sahani ile ile inayobeba elementi, yaani chuma kinachopasha maji, chini ya kifuniko cha plastiki. Ili kuitoa lazima umwage maji yote na ufungue sahani nzima. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni hita iliyofungwa sentimita 15 juu ya kabati huku anodi ina urefu wa sentimita 30: haitatoka mpaka hita yote ishushwe ukutani. Matangi ya kusimama huwa na kichwa cha anodi juu, mara nyingi nati ya milimita 27, na fimbo inaweza kufika mita moja. Dari ikiwa chini, nunua anodi ya vipande vilivyounganishwa kama mnyororo, inakunjwa wakati wa kuingizwa. Pima nafasi yako kabla ya kwenda dukani, kwa futi ya chuma, siyo kwa macho.

Kwa nyumba nyingi za zamani, chaguo la kwanza ni tangi la umeme la lita 50 hadi 80, na katika hayo ninaloliweka mbele bila kusita ni Stiebel Eltron, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1924. Sababu ni hiyo hiyo fimbo. Baadhi ya matangi yao yana anodi yenye alama ya nje inayogeuka kutoka nyeupe kuwa nyekundu ikiisha, bila kufungua kitu. Mengine, kama SHZ LCD, hutumia anodi ya umeme isiyolika: inapitisha mkondo mdogo sana ndani ya maji na kufanya kazi ya magnesiamu. Angalizo la anodi hiyo ni kwamba hailindi chochote umeme ukizimwa. Wenye tabia ya kuzima hita kwa wiki nzima wanaliacha tangi uchi, hivyo swichi ibaki imewashwa na joto lishushwe tu kwenye kirungu. Ni ghali kuliko wenzake, na bado ningemwambia mtu asubiri miezi miwili aikusanyie fedha kuliko kununua tangi la haraka litakaloharibu dari ya jirani wa chini.

Ariston ya Italia inafuata kwa karibu. Anodi yake mara nyingi ni magnesiamu ya kawaida, lakini elementi, thermostati, gasketi na fimbo hupatikana kirahisi, na mafundi wengi wanaijua. Kwa anayekaa mbali na duka kubwa, hilo lina uzito kuliko alama nyekundu na nyeupe.

Kuhusu ukubwa, usikisie. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji takriban kilowati-saa 3.7. Elementi ya kilowati 2 itachukua karibu saa moja na dakika 50, ya kilowati 1.5 karibu saa mbili na nusu. Watu wanne wanaooga asubuhi wakifuatana watatosheka na lita 80. Wawili, lita 50. Weka thermostati kwenye 60, si 40: bakteria wa lejionela, wanaoshambulia mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na tangi la uvuguvugu ni makazi yao.

Hita ya jua naiweka ya pili. Ingekuwa ya kwanza kama paa zote za zamani zingeibeba. Tangi la lita 200 likijaa, pamoja na paneli na fremu, linakaribia kilo 300 zinazokaa juu ya mbao ambazo pengine mchwa wamezionja. Panda darini na bisibisi, choma mbao kwenye maungio. Ikizama bila nguvu, imarisha paa kwanza. Ile isiyotumia pampu hutaka chini ya tangi pawe juu kuliko ukingo wa juu wa paneli, vinginevyo maji ya moto hurudi kinyumenyume usiku na asubuhi unaamkia baridi. Na kumbuka, tangi lake nalo lina anodi kama ni la chuma chenye enameli, nalo liko juu ya paa ambako hakuna anayepanda. Ukinunua hita ya jua, panga pia nani atapanda kila mwaka.

Ya tatu ni pampu ya joto. Inachota joto la hewa na kwa kila kilowati-saa ya umeme hutoa joto kama la kilowati-saa tatu hivi, hewa ikiwa ya wastani. Inataka chumba chenye hewa ya kutosha, si kabati lililofungwa, na bomba la kutoa maji ya umande. Ina kelele ya feni, usiiweke ukuta mmoja na kitanda.

Gesi ni ya nne, na ni kwa sharti moja lisilo na mjadala: iwe na bomba la moshi linalotoka nje, au iwe nje yenyewe. Kaboni monoksidi haina harufu na huua watu bafuni wakiwa wamefunga mlango. Anayesema dirisha dogo linatosha asikuuzie.

Mwisho ni hita ya papo kwa papo inayofungwa kichwani mwa bomba la mvua. Ni rahisi na haina tangi la kutoboka. Lakini ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24 kwenye volti 230, na hupandisha nyuzi 20 kwa lita 4 tu za maji kwa dakika. Kwenye maji ya chumvi chukua ile yenye elementi iliyofunikwa, siyo waya mtupu ndani ya maji. Bila ethi ya uhakika, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, usiinunue kabisa.

Sasa nyumba yenyewe. Kinachoua hita mpya kwenye nyumba ya zamani mara nyingi kiko ukutani. Mabomba ya chuma ya miaka mingi yana kutu iliyojishika ndani, na fundi akiyatikisa inabanduka na kuingia kwenye tangi. Kabla ya kuunganisha, fungua mwisho wa bomba la baridi kwenye ndoo, achia maji kwa nguvu hadi yawe meupe, kisha weka chujio. Usiunganishe bomba la shaba moja kwa moja kwenye tangi la chuma. Weka kiungio chenye plastiki ya kutenganisha, maana metali mbili zikigusana ndani ya maji ile dhaifu huliwa. Ukuta nao upimwe. Lita 80 pamoja na tangi ni zaidi ya kilo 100. Kwenye matofali yenye matundu, skrubu na plagi za plastiki hazitoshi. Pitisha bolti hadi upande wa pili na uweke bamba la chuma nyuma.

Kwa umeme, hita ya kilowati 3 iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 16 hadi 20. Ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inataka waya wa milimita mraba 4 na breka ya 32, na safari ndefu ya waya itataka 6. Juu ya yote weka kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Katika nyumba za zamani waya wa ethi mara nyingi upo kwenye soketi lakini haufiki ardhini. Mwambie fundi aupime kwa mashine, asiseme tu kwamba upo kwa sababu ameona rangi ya kijani.

Hapa ndipo wauzaji wanapokera. Tangi linauzwa na kibandiko cha dhamana ya miaka mitano kwa herufi kubwa, na ndani ya kijitabu, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba dhamana haifanyi kazi anodi isipokaguliwa. Lakini duka lile lile halina anodi hata moja rafuni, na anayeuza hajui inafananaje. Wengine hutoa kwenye boksi valvu ya usalama, ile inayoachia maji presha ikizidi, na kuiuza peke yake. Huo ni wizi, na ni hatari. Fungua boksi mbele yao: valvu, gasketi, mabano, kijitabu. Nunua anodi ya akiba siku hiyo hiyo, pamoja na risiti. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na tangi, na hakuna sababu ya kuisubiri hadi modeli iishe sokoni.

Valvu hiyo hukaa kwenye mlango wa maji baridi wenye duara la buluu, na kati yake na tangi kusiwe na koki yoyote. Mara nyingi imewekewa kufunguka presha ikifika bari 8. Maji yakipashwa kutoka 20 hadi 60 huvimba kwa takriban asilimia 1.5, yaani tangi la lita 80 linasukuma lita moja na zaidi. Ndiyo maana inatona wakati hita inapasha, na ndivyo inavyotakiwa. Usiizibe. Elekeza tone hilo kwa kimpira kinachoshuka hadi kwenye mfereji, mdomo ukiwa wazi. Presha ya maji ikizidi bari 5, weka valvu ya kuipunguza. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la juu hayafiki huko, kwani kila mita 10 za kimo ni bari moja tu.

Usiwashe umeme kabla tangi halijajaa. Fungua bomba la moto, achia baridi, subiri mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, kisha funga na ukague maungio kwa karatasi kavu. Elementi ikiwashwa ndani ya tangi kavu huungua kwa muda mfupi sana. Baada ya kupasha mara ya kwanza, zima na ukaze tena bolti za sahani, kwa mshazari. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko, na tarehe ya miezi 12 ijayo chini yake. Siku hiyo ikifika, mwaga tangi, toa sahani, kwangua ukoko wa chokaa kwenye elementi kwa mbao, siyo kwa chuma, na uipime fimbo. Ikiwa imepoteza nusu kwa mwaka mmoja, ukaguzi unaofuata uwe baada ya miezi 6.