Habari za mtaa kwa meseji ya kabambe, uzoefu wangu huku Mwakirunge

Watu wananiuliza sana hii huduma ya meseji za habari za mtaa inafaa ama ni kula kredo za watu tu, basi wacha niandike mara moja nisiwe narudia rudia. Jina la huduma nitaliacha, sitaki vita na mtu, na tena ziko kadhaa za namna hii na zinafanana. Ni ile unatuma neno kwa namba fupi, wanakukata shilingi kumi kila wiki, halafu wanakuletea meseji za mambo ya huku kwetu, stima ikikatwa, maji, baraza la chifu, chanjo, basari, mvua, barabara. Haitaki bando wala simu ya kugusa, kabambe ya vitufe inatosha, na hicho ndicho kilichonivuta manake nilitaka kumuunganishia mamangu, mwenyewe nikajiunga kwanza nionje.

Mie nakaa Mwakirunge. Kwa asiyejua, ni wadi ya Kisauni, tuko ndani ya kaunti ya Mombasa kabisa, lakini mtu wa mjini akifika huku akiona minazi na mahindi na mbuzi wamelala njiani anauliza kama tumeshaingia Kilifi. Mjini wanatujua kwa jaa la taka, tangu jaa la Kibarani lifungwe lori za taka safari yao ni kwetu. Ukisikiliza habari za Mombasa ni bandari, feri, Nyali, Mji wa Kale, huku tunatajwa jaa likitoa moshi ama mtu akifa. Kwa hivyo nilipoambiwa kuna kitu kinaleta habari za vijijini nikasema haya, tuone.

Nianze na stima manake hapo ndipo mie nina shida zangu, nauza samaki na nina friza. Stima ikipotea bila taarifa asubuhi na friza imejaa vibua, kufika jioni ukifunua mashavu hayana rangi tena na macho yameingia ukungu, hapo utakaanga vyote usiku huo na utawapa majirani kwa bei ya kutupa. Sasa Kenya Power wenyewe wakipanga kukata stima kwa matengenezo huwa wanatoa tangazo kabla, wanapanga kaunti kwa kaunti, wanaandika eneo, siku na saa, mara nyingi ni saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, halafu chini wanataja vijiji, shule, hoteli, mpaka kiwanda. Ukilisoma lote unajijua kama umo ama humo. Shida ni kulipata, lazima uwe na intaneti ama ununue gazeti, na huku gazeti tunaliona limefungia maandazi, tena la mwezi uliopita.

Basi hii huduma inalichukua lile tangazo na kulifupisha. Na hapo ndipo inapoharibu. Meseji ya kwanza ya stima niliyopata iliandika "stima itakatwa sehemu za Kisauni Alhamisi". Sehemu zipi sasa? Kisauni ina wadi saba, kuna Mjambere, Junda, Bamburi, Mtopanga, Magogoni, Shanzu na sisi, ni kama kumwambia mtu mvua itanyesha mahali fulani duniani. Sikununua samaki siku hiyo, na stima haikukatika hata dakika. Mara nyingine ikaja hivyohivyo nikaipuuza, ikakatika mchana kutwa. Nikawapigia, akapokea kijana mpole tu, akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, na nafasi zinahesabiwa humo, ikizidi hapo inakuwa meseji mbili na wao wanalipia kila moja. Kwa hivyo tangazo likiwa refu kinachokatwa kwanza ni majina ya vijiji. Yaani wanabakisha salamu, wanabakisha jina la huduma yao, wanabakisha "asante kwa kuwa nasi", wanatupa Maunguja, kijiji cha huku kwetu! Nikamwambia wewe ndugu yangu, hizo asante zenu tutazila? Akacheka akasema watalifanyia kazi.

Na haki yao niwape, walilifanyia kazi. Baada ya muda ikaja meseji uchague wadi yako kwa namba, nikachagua Mwakirunge, na tangu hapo za stima zimenyooka, zinakuja na jina la kijiji na saa. Sio zote, bado ziko zinazoteleza, lakini friza yangu sasa naipanga kwa hizo meseji. Na ikikatika ile ya ghafla ambayo haina tangazo, hapo huduma haikusaidii, piga 97771 ya Kenya Power ama ubonyeze *977# uripoti mwenyewe.

Maji nayo. Hapa kuna kitu nimejifunza kwa hizi meseji ambacho watu wengi wa huku hawakijui. Mombasa maji yake mengi yanatoka nje ya kaunti, yanatoka Baricho kule Kilifi, visima vilivyoko kando ya mto Sabaki, yanatoka chemchemi ya Mzima kule Tsavo, mengine Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yale ya Baricho yanasukumwa kwa pampu za stima, kwa hivyo pampu za Baricho zikizimika leo, mifereji ya Kisauni inakauka na wewe umekaa kwako unamlaumu jirani kwamba ameziba paipu. Ile meseji ya "pampu za Baricho zimezimwa kwa matengenezo" ikiingia mie sisubiri kitu, najaza dramu na kila sufuria iliyo tupu. Lakini jueni wenye mikokoteni pia wamejiunga! Meseji ikitoka asubuhi, mchana mtungi wa lita 20 umeshapanda bei na mwenye mkokoteni anakwambia bila haya "si umeona meseji". Hapo sijui nimlaumu nani.

Sasa niseme vile meseji zenyewe zinavyosomwa, manake ukidhani kila mtu anasoma yake umekosea. Kuna jirani yangu anauza mbaazi na mahamri asubuhi njia panda ya kwetu, simu yake kioo kimepasuka katikati kwa hivyo kila mstari herufi kadhaa anakisia. Meseji ikiingia anapangusa mkono kwa leso, anaisogeza simu mbali na macho, anasoma kwa sauti, na waliokaa kwenye benchi wanamkosoa, "sio Jumanne hiyo, soma tena", watoto wa shule wamesimama na sahani, mwenye boda anauliza kama barabara imetajwa. Mtu mmoja amelipa shilingi kumi, wamesikia benchi nzima, na kufika saa nne wamejua mpaka wa kule ndani. Wenye kampuni pengine hesabu yao inaonyesha wateja wachache huku na wanashangaa.

Kitu kilichoniudhi kweli ni ile ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali. NHIF, ile bima ya zamani, ilipoondolewa na SHA ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, huduma ikatuma meseji, jisajili bonyeza *147#. Shangazi yangu akasaidiwa na kijana wa duka la M-Pesa, akajisajili, akarudi na furaha zake akijua sasa ana bima. Kumbe kujisajili ni mlango tu. Kwa mtu asiye na mshahara kuna yale maswali ya kupima uwezo wako, nyumba ni ya nini, paa ni la nini, unapikia nini, halafu unatajiwa kiasi chako cha kulipa, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi lakini unatakiwa ulipe ya mwaka mzima, yaani 3,600. Ukiwa umejisajili tu utatibiwa bure zahanati na kituo cha afya, lakini ukilazwa hospitali wanaangalia kama umelipa. Shangazi amekuja kuyajua haya siku ya kulazwa, maskini, tukachanga familia nzima. Kwa hilo hata herufi 160 sio kisingizio, wangeongeza meseji ya pili, "kujisajili pekee hakutoshi, lipa", ingekaa bila tabu.

Na lugha. Hili sijui kwa nini mpaka leo hawajarekebisha, tangazo likiwa limetoka kwa Kizungu wanalitupa hivyohivyo. Mei 2024 kipindi kile cha kimbunga Hidaya idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi Pwani nzima, jambo zito hilo, watu wana mitumbwi, watu wana nyumba za makuti. Meseji ikaingia kwa mamangu kwa Kizungu, akaiacha akidhani ni zile za kamari. Mwisho wake nguvu kubwa ya kimbunga ilishukia Tanzania upande wa Mafia, sisi tukapata upepo na mvua, Mungu alitusitiri. Lakini meseji ya kuokoa maisha ya watu unaituma kwa lugha ambayo bibi wa Maunguja haijui ulitaka nani aisome?

Ya basari nitapita haraka, ilikuja fomu zimeshafungwa. Basi.

Kile wanachofanya vizuri kuliko wote, na hapa nawasifu bila kinyongo, ni habari zinazotoka kwetu wenyewe. Ukituma meseji kwamba mahali fulani barabara haipitiki hawairushi tu, wanampigia kwanza mzee wa mtaa ama mtu wa karibu anayejulikana, wakihakikisha ndio wanaituma na jina la mahali. Masika huku, Machi mpaka Mei, barabara zikiloa na lori za taka zikapita juu yake ni mashimo ya kutosha kufugia bata, na tuktuk wakijua kubaya wanapandisha nauli ama wanakushusha mbali ujipeleke. Meseji ya "njia ya jaani haipitiki, tumieni njia ya juu" imenisaidia sana nikirudi na ndoo ya samaki. Vilevile chanjo ya kuku, ile ya kideri, ilikuja na mahali na saa na ni nani anayechanja, watu wakabeba kuku wao kwenye vikapu. Hapo unaona kabisa meseji iliyoandikwa na mtu anayejua Mwakirunge iko wapi, na ile iliyonakiliwa na mtu aliyekaa ofisini mjini. Zile za feri ya Likoni walizokuwa wakinitumia kabla ya kuchagua wadi sijui nilikuwa nizifanyie nini, mie kuvuka Likoni ni harusi ama matanga.

Kuna wanaosema kwa nini ulipe na redio ipo bure. Kweli, Pwani FM na Baraka FM tunazisikiliza na habari zao ni nzuri na kwa Kiswahili cha kueleweka, mzee wangu hawezi kula bila redio. Lakini redio lazima uwe karibu nayo ile dakika wanayosema, ukiwa kisimani imekupita, meseji inakungoja. Msikiti nao kwa tanzia na mtoto aliyepotea hakuna anayeushinda, spika ikilia kijiji kizima kimejua kabla hata simu haijawaka. Na baraza la chifu ndiko utauliza swali ujibiwe, meseji haijibu. Kwa hivyo sisemi uache hivyo vyote ushike hii, mie natumia vyote.

Kwa jumla nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne kama wangeandika kila kitu kwa Kiswahili, na nawaambia tena kama wanasoma hapa, toeni ile "asante kwa kuwa nasi" muweke kijiji kimoja zaidi. Kama una simu ya kugusa na bando halikupigi chenga, usijiunge, matangazo yote utayapata mwenyewe kamili na majina yake. Kama una mzazi kijijini mwenye kabambe, muunganishe, shilingi kumi sio kitu, lakini ukimaliza kumuunganisha usiondoke mpaka umemchagulia wadi, manake ukimuacha hivyo ataletewa mambo ya mji mzima mpaka achoke afute zote bila kusoma.

Mie namba yangu nimeitoa, nimebakisha ya mamangu, zikiingia ananisomea. Kujitoa unatuma neno TOKA kwa namba ileile, halafu angalia kredo yako wiki inayofuata, mie walinikata mara moja tena baada ya kujitoa, nikawapigia, wakairudisha siku hiyohiyo bila maneno.