Kulala kwenye hema kati ya Ndoto, Turkana, Chalbi na Marsabit: uzoefu wangu wa kila kambi

Ukienda kaskazini mwa Kenya kulala kwenye hema, tazama upepo kwanza, mandhari baadaye. Mandhari yako kila mahali huko. Usingizi haupo kila mahali. Nazungumzia mzunguko unaoanzia Laisamis, ukapita chini ya milima ya Ndoto na Nyiru hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, ukakata Jangwa la Chalbi kupitia North Horr na Kalacha, kisha ukapanda Mlima Marsabit. Ndani ya mzunguko huo mmoja utalala palipo na mchanga wa moto, mawe meusi ya volkano, chumvi tupu na msitu wa ukungu. Hakuna kambi mbili zinazofanana, na hema linalokupendeza usiku huu laweza kukukosesha usingizi kesho.

Ngurunit ndipo pa kuanzia, na ningempeleka hapo mtu yeyote ambaye hajawahi kulala porini. Ukitoka lami ya Laisamis ukaelekea magharibi, nyika inatandaa hadi Ndoto inaposimama mbele yako ghafla, miamba yake mikubwa ikiwa imechongoka, na mwamba wa Poi ukiwa mkubwa kuliko yote. Kambi za wenyeji ziko chini ya migunga karibu na laga, yaani mto wa mchanga unaojaa maji wakati wa mvua tu. Huduma ni chache lakini zinatosha: choo cha shimo kinachofagiliwa, kibanda cha kuogea, maji yanayotoka mlimani, na mtu wa kukaa macho usiku. Migunga inavunja upepo, mchanga unashika vigingi vizuri, na joto hupungua jua likishazama nyuma ya mlima. Mchana vijana wa kijiji walitupeleka kwenye miamba ambayo maji yameilainisha hadi watoto huteleza juu yake na kutumbukia kwenye vidimbwi. Nililala vizuri sana hapo, hema likiwa wazi pande zote mbili.

Onyo la Ngurunit ni moja, nalo ni zito: usipige hema ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni laini na tambarare kuliko mahali pengine popote. Mvua ikinyesha juu ya Ndoto, maji hushuka huku mbingu iliyo juu yako ikiwa safi kabisa, na hayabishi hodi. Panda ukingoni, juu ya mstari wa takataka na matawi ambao mafuriko ya nyuma yaliuacha. Mahali wenyeji walipojenga maboma yao panakueleza mengi. Hutaliona hata moja ndani ya laga.

South Horr nitaipitia haraka. Ni bonde la kijani kati ya Mlima Nyiru na Ol Doinyo Mara, lina maji na miti mikubwa, na ni mahali pazuri pa kupumzisha gari na mgongo. Kambi ni safi, watu ni wakarimu. Kama una muda wa kulala mahali pamoja tu kabla ya ziwa, mimi ningechagua Ngurunit.

Baada ya South Horr dunia inabadilika. Miti inaisha, mawe meusi yanaanza, kisha unaona mitambo ya umeme wa upepo imepangwa juu ya nyika, 365 kwa jumla, yenye uwezo wa megawati 310. Hiyo mitambo ichukulie kuwa taarifa kwa mtu mwenye hema. Haikujengwa hapo kwa bahati. Upepo wa kutoka kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na ukishabanwa huongeza kasi. Wataalamu wa hali ya hewa wanaufahamu mkondo huo kwa jina la Turkana, na huwa na nguvu zaidi usiku hadi alfajiri. Yaani mchana unaweza kufika Loiyangalani, ukasimamisha hema kwa utulivu, ukasema mbona watu wanatia chumvi. Ngoja saa tano ya usiku.

Loiyangalani ina njia tatu za kulala kwenye hema. Ya kwanza ni ndani ya viwanja vyenye ua, chini ya mikoma, ambako chemchemi hulisha miti na maji ya kuoga hutoka yakiwa na uvuguvugu wake wa asili. Ya pili ni kuegemeza hema kwenye vibanda vya makuti au kulala ndani ya kibanda chenyewe. Ya tatu ni kwenda ufukweni. Hiyo ya tatu naikataa kabisa, kwanza kwa sababu Ziwa Turkana lina mamba wengi, na pili kwa sababu hakuna kitu kinachosimama kati yako na upepo unaoteremka upande wa Mlima Kulal. Nenda ufukweni jioni, tazama maji yakibadilika kutoka kijani hadi kijivu, zungumza na wavuvi wa jamii ya El Molo kama umepata mwenyeji wa kukutambulisha, kisha rudi ndani ya ua.

Hata ndani ya ua, mahali unaposimamisha hema ndipo penye uamuzi wote. Kambi niliyofikia ilitupangia nafasi ya katikati, palipo wazi, kwa sababu ndipo penye kivuli kizuri cha mchana. Nililala hapo, na kuanzia usiku wa manane kitambaa kilipiga kelele hadi mazungumzo ya watu wawili waliolala bega kwa bega hayakusikika. Vumbi lilipita kwenye wavu likatulia mdomoni. Kesho yake tulihamia nyuma ya ukuta wa mawe upande wa mashariki, na tofauti ilikuwa ya kushangaza: juu mikoma ikinguruma, chini hema likitikisika kidogo tu. Basi ukifika, uliza ukuta uko wapi kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Vigingi vya kawaida haviingii kwenye mawe hayo. Funga kamba kwenye mawe makubwa, na weka jingine juu ya kila fundo. Mlango uelekee upande upepo unakokwenda. Wafanyakazi wa kambi walikuwa wepesi wa kusaidia, chakula kilikuwa samaki wa ziwani na kilikuwa kitamu, bafu lilikuwa safi. Kwa huduma nawasifu. Ila wangewaweka wageni ukutani tangu mwanzo, sifa zingekuwa kamili.

Kutoka Loiyangalani kwenda North Horr kupitia kijiji cha Gas, na kutoka hapo hadi Kalacha, ndiko kwenye jangwa lenyewe. Chalbi zamani za kale ilikuwa ziwa, na hilo linaonekana kwa macho: sakafu tambarare, nyeupe kwa chumvi, isiyo na jiwe wala kichaka kwa umbali mrefu, na mchana upeo unacheza na macho yako hadi unaona maji yasiyokuwepo. Hapa hakuna kambi rasmi katikati ya jangwa. Unaweza kulala kwenye viwanja vya Kalacha, penye chemchemi na mikoma na ngamia wa Wagabra wakija kunywa, au ukalala nje, kwenye ukingo wa jangwa.

Nimelala kote kuwili, na ukingo wa Chalbi ni usiku ambao ningeurudia kesho kama ningepewa gari. Hakuna taa hata moja. Nyota zinafika hadi chini kabisa, zinagusa ardhi. Lakini nasema hili kwa uzito: si mahali pa gari moja, na si mahali pa kwenda bila mwenyeji. Ukoko wa juu unaonekana mgumu ilhali chini yake mara nyingi kuna matope laini, na baada ya mvua gari linazama hadi ekseli. Mwelekezi wetu wa Kalacha alifahamu kwa rangi ya ardhi pa kupita na pa kuzunguka.

Kabla ya kushusha mizigo alitupeleka kumsalimu mzee aliyekuwa na ngamia wake karibu. Tulimwambia tunataka kulala pale pale tulipoegesha, palipo tambarare.

"Hapo mtalala na upepo, vijana wangu," alisema. "Nendeni nyuma ya miswaki ile. Ngamia wanalala huko."

"Mzee, hatutawasumbua ngamia?"

"Ngamia hawana neno. Nyinyi ndio mtasumbuka mkibaki hapa."

Miswaki yenyewe ilikuwa vichaka vilivyokusanya mchanga hadi ukawa kilima kidogo kirefu. Tulisimamisha hema upande wake wa magharibi, gari likaziba pengo lililobaki, na kwenye mchanga ule usioshika kigingi tukajaza magunia madogo, tukayafunga kamba na kuyafukia. Hayakung'oka. Kifuniko cha juu cha mvua tulikiacha ndani ya begi. Tulilala na wavu wa ndani peke yake, hewa ikipita. Wavu huo usiuache. Kuna nge, na ukanda huu una nyoka wadogo wa sumu kali wanaotembea usiku. Zipu ifungwe kila unapotoka, hata kwa dakika moja, viatu vilale ndani, na tochi iwashwe kabla ya mguu kugusa chini.

Maji tulihesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku za kunywa tu, ya kupikia kando, na mitungi ya akiba ambayo hatukuigusa hadi tulipofika Marsabit. Usipunguze hapo ili upate nafasi ya viti vya kukunja. Mtandao wa simu unakuja karibu na miji na kupotea katikati, kwa hiyo mtu wa nyumbani ajue umetoka wapi na unatarajiwa wapi.

Kisha unapanda Marsabit kupitia Maikona, na baada ya saa chache unatoa sweta. Mlima huu wa volkano una urefu wa takriban mita 1,700 na umezungukwa na ukame pande zote, lakini kileleni kuna msitu mnene unaokamata ukungu usiku na kuuachia asubuhi ikiwa imekwisha kuchelewa. Kambi ya umma ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iko karibu na lango la Ahmed la hifadhi ya Marsabit; ina maji na vyoo vya kawaida, na iko karibu na mji kama umepungukiwa na mafuta au mkate. Jina la lango ni la yule ndovu mwenye pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Kambi hiyo ni nzuri kwa usiku wa kupumzika.

Lakini kama bajeti inaruhusu, lipia kambi maalumu ya Ziwa Paradise. Mnaichukua peke yenu, hakuna kundi jingine, na hakuna kitu kingine pia: maji, kuni, taa, kila kitu unapanda nacho. Ziwa liko ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, msitu umelizunguka ukutani, na jioni nyati na ndovu hushuka kunywa mbele ya hema lako. Wapiga picha wa Kimarekani Martin na Osa Johnson waliishi kando ya ziwa hili miaka ya 1920, na ukikaa pale saa moja unaelewa kwa nini hawakutaka kuondoka. Wakati wa ukame mrefu maji hupungua sana, hata kukauka, kwa hiyo uliza hali ya ziwa ofisini kabla ya kulipa. Chakula kibaki ndani ya gari lililofungwa. Nyani wa Marsabit wanajua zipu.

Hapa mahitaji ya hema yaligeuka kabisa. Kifuniko nilichokiacha begini Chalbi ndicho kilichotuokoa. Ukungu hudondoka kutoka kwenye matawi usiku kucha, na asubuhi turubai la chini lilikuwa limelowa hadi la kukamuliwa. Begi la kulalia lililokuwa mzigo mtupu ziwani Turkana sasa lilikuwa hitaji.

Kwa sababu hiyo, kama unanunua hema kwa ajili ya safari hii, usinunue kubwa la kusimama ndani. Mahema marefu yenye kuta zilizonyooka ndiyo niliyoyaona yamevunjika fito Loiyangalani. Chukua fupi, la kuinamia, lenye wavu mpana wa ndani na kifuniko cha mvua kinachofika hadi chini na kutoka peke yake. Fito za alumini zinapinda na kurudi. Zile za nyuzi za kioo zinapasuka. Hema la juu ya gari ni raha Ngurunit na Marsabit, lakini kando ya Turkana linaupokea upepo wote na gari zima linatikisika, basi beba la chini la akiba.

Mzunguko ufanye kwa mpangilio huu niliouandika, Laisamis kwanza na Marsabit mwisho. Ukifanya kinyume, unatoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto kali ukiwa bado hujazoea, na unafika Loiyangalani ukiwa umechoka, siku ambayo unahitaji nguvu zote za kufunga kamba. Epuka miezi ya mvua, hasa Aprili na Mei, na Oktoba hadi Novemba, kwa ajili ya Chalbi. Hali ya usalama wa barabara iulize kwa polisi na kwa chifu katika kila kituo kabla ya kuondoka, si Nairobi tu. Ada za hifadhi ya Marsabit hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa pesa taslimu langoni, na kambi ya Ziwa Paradise iwekwe mapema kwa sababu ni kundi moja tu kwa wakati mmoja. Lipa ukiwa bado Isiolo, ambako mtandao una nguvu.