Magadi, boraksi na mrututu kwenye vyetezo vyangu: uzoefu wa miezi saba

Vyetezo 12 vya kwanza vilitoka jokoni vinang'aa upande mmoja, upande wa pili vikavu kama kigae cha mtungi uliovunjika. Nikadhani mkono wangu ndio mbaya. Kumbe nilivianika barazani kaskazi inavuma, na upande uliong'aa ndio uliokuwa ukipigwa na upepo.

Mie nafinyanga vyetezo vya udi hapa Unguja, nina joko dogo la umeme, nachoma nyuzi 1,060. Friti, ile kioo iliyosagwa wanayotilia wafinyanzi kwenye gleizi (mpako unaogeuka kioo chungu kikichomwa), madukani kwetu sijaiona; mpaka uagize. Magadi yapo. Mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba na salfa, upo kwenye maduka ya pembejeo, wakulima hupigia ukungu. Boraksi nilipewa na sonara, wao huunganishia dhahabu. Nikasema ngoja nijaribu vilivyo karibu.

Nianze na magadi, soda iliyosafishwa, si yale mawe ya kulainishia maharage. Yanayeyuka kwenye maji kama sukari, na hapo ndipo penye raha na balaa. Gleizi ya kawaida ni unga unaoelea tu. Ukiupaka kwenye chungu kilichochomwa mara moja, udongo unakunywa maji, unga unabaki juu. Magadi hayabaki. Yanazama na maji, na maji yakianza kukauka yanatoka nayo tena, yanarundikana pale panapokauka upesi: ukingoni, kwenye mkono wa chetezo, upande wa upepo. Aliyekaa nyumba za Mji Mkongwe anaijua kazi hiyo, chumvi inavyotoka ukutani na kubambua chokaa.

Sasa naanika chumbani, nafunika kanga kuukuu, siku tatu, nageuza kila asubuhi. Rangi inakaa sawa. Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui bado zipo, ndiyo tabia ya magadi mengi, ila kwenye chetezo sizichukii: moshi wa udi unaingia humo na kuchora mistari ya kahawia. Kasoro nyingine ni masika. Magadi yanavuta unyevu yakawa madonge, ukipima kilo unapima na maji.

Boraksi imenishinda. Maji ya moto yaliiyeyusha yote nikafurahi, asubuhi ndoo ina fuwele chini, nene kama punje za mahindi. Ya juu imepungua nguvu, kwa hiyo nilichopaka jana sicho ninachopaka leo.

Mrututu ni mzuri na ni mkorofi. Maji yake ya buluu nayapitisha kwa brashi kwenye nakshi, yakichomwa yanatoka kijani. Juu ya magadi mengi yanakaribia feruzi. Wamisri wa kale walipata feruzi yao kwa njia hiihii, shaba na magadi, wakiacha chumvi ijitokeze yenyewe juu ya kitu kinapokauka. Yaani kile kilichoniharibia vyetezo 12, wao ndicho walichokitaka.

Lakini glavu usivue. Wakati wa kuchoma hutoka moshi wa salfa unaokereketa koo, basi madirisha wazi na watoto wasiwe karibu. Maji yaliyobaki usimwage mtaroni, ni sumu kwa samaki. Na usithubutu kupaka bakuli: ndimu na ukwaju huitoa shaba ikaingia kwenye chakula.

Siku moja, kwa uvivu wa kupaka mara mbili, niliuchanganya mrututu na magadi kwenye ndoo moja. Povu likapanda, kisha ikakaa chini tope ya kijani-buluu. Nikajua nimeharibu. Nikamwaga maji ya juu kwenye dumu, nikaisuuza mara tatu, nikaianika. Ikawa unga usioyeyuka tena! Hauhamihami na upepo, unabaki pale brashi ilipoupeleka, na koo haliwashi. Katika vyote nilivyojaribu huu ndio ninaoupenda, na sikuununua.

Kwa hiyo vyetezo naendelea na magadi na unga wangu wa ajali. Vyombo vya kulia nimeagiza friti, ghali lakini nalala usingizi. Sonara ananiulizia boraksi yake. Itabidi nimrudishie pamoja na ndoo, maana haibanduki.